“I did a mistake”: kusaka hitilafu pale kitenzi cha Kiingereza kinapogombana na nomino yake

Tahajia iko sawa, nyakati ziko sawa, kila neno limo kwenye kamusi, na bado sentensi inarudi na mstari mwekundu. Hilo ndilo lalamiko la kila siku kwa watu wanaoandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili. “I did a mistake.” “He got an accident.” “She said me the truth.” “I drank my medicine.” Zote zinaeleweka, na zote zinamfanya msomaji asimame kidogo.

Mara nyingi nomino haina kosa. Mtu anajua fika kwamba “accident” ni ajali. Hitilafu iko kwenye kitenzi kidogo kilichotangulia, kile kilichoonekana rahisi mno kiasi cha kutokaguliwa: make, do, have, take, get, give. Vitenzi hivi vikikaa mbele ya nomino hupoteza karibu maana yake yote. Ukisema “have a look”, humiliki chochote. Ukisema “take a shower”, hakuna unachokichukua. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliviita vitenzi vyepesi, na jina hilo limedumu. Mzigo wote umebebwa na nomino, kwa hiyo nomino ndiyo inayochagua kitenzi cha kuandamana nayo.

Kiswahili nacho ndivyo kilivyo. Anayepiga simu hapigi kitu, na anayekula kiapo hashibi. Balaa ni kwamba nomino za lugha hizi mbili hazikuchagua kitenzi kilekile.

## Kabla ya kugusa chochote

Ukaguzi huu unachukua dakika chache na unamaliza mengi ya matatizo yaliyo hapa chini.

1. Pigia mstari nomino, si kitenzi.
2. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, uende kwenye hiyo nomino. Watu wengi hukimbilia ukurasa wa “make”, wakakuta maana lukuki na kukata tamaa. Ukurasa wa “decision” ni mfupi, na kitenzi chake utakikuta kwenye mifano ya mwanzo. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haitakufaa kwa kazi hii: itakuambia “decision” ni uamuzi, basi.
3. Ukibaki na vitenzi viwili vinavyoshindana, tafuta kila kimoja kwenye intaneti pamoja na nomino yake, ndani ya alama za kunukuu. Usiishie kwenye idadi ya matokeo, maana idadi hiyo ni ya kukisia na makosa ya wanaojifunza nayo yamehesabiwa humo. Soma mistari mitano au sita uone imeandikwa na watu wa namna gani.
4. Kwa uhakika zaidi tumia Google Books Ngram Viewer, zana ya mtandaoni inayopekua vitabu. Andika “make an effort, do an effort” ukitenganisha kwa mkato, na mchoro utaonyesha ni kipi kimechapishwa sana vitabuni. Kila fungu lisizidi maneno 5. Ukiandika “*_VERB a decision”, nyota hiyo itajazwa na vitenzi vinavyoonekana mara nyingi mahali hapo. Unaweza pia kuchagua Kiingereza cha Uingereza peke yake au cha Marekani peke yake, jambo litakalokufaa huko mbele.

Kama sentensi bado haijatengemaa, tafuta dalili yake hapa chini.

## Dalili ya 1: “Do” na “make” zimekaliana viti

Unaona: “do a mistake”, “make homework”, “do a decision”, “make a research”, “do a party”.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi: kufanya. Kwa Kiswahili mtu hufanya kosa, hufanya kazi za nyumbani, hufanya mtihani, hufanya sherehe na hufanya mkutano. Kitenzi kimoja kinatosha. Kiingereza kinadai “make a mistake”, “do the housework”, “take an exam”, “have a party”, “hold a meeting”: vitenzi vitano kwa kazi ya kimoja.

Kipimo cha haraka: tendo likiisha, je, kuna kitu kipya kimebaki ambacho hakikuwepo? Kosa, kelele, ahadi, mpango, orodha, faida, uamuzi, urafiki, chai. Hapo jaribu “make”. Au ni shughuli, wajibu au kazi ya kupitia hadi mwisho? Homework, the shopping, the ironing, the dishes, exercise, research, a course, business, your duty, your best. Hapo jaribu “do”. Kuna alama moja ya kutegemewa sana: ukiona “the” ikifuatwa na kazi ya nyumbani inayoishia na -ing, ni “do”. Ndiyo maana mtu anaweza kusema “I do the cooking” na papo hapo “I'm making dinner” bila kujipinga.

Kipimo hicho kitakusafirisha mbali, kisha kitakuacha njiani. Madhara ni kitu kinachobaki, tena kinabaki kweli, lakini Kiingereza husema “do damage”, “do harm”. Juhudi na safari hazibakizi kitu mkononi, lakini ni “make an effort”, “make a journey”. Anayefundisha kanuni hii bila kutaja waasi wake anamkopesha mwanafunzi deni la kulipa baadaye. Waasi hawa hawana dawa ila kuwakariri kwa majina:

- wa “do”: damage, harm, good, justice, a favour
- wa “make”: an effort, an attempt, a phone call, a journey, progress, use of, an exception

Sababu ya pili: si “do” wala si “make”. Unahangaika kuchagua kati ya wawili na mwenye kiti hayupo kati yao. Crime, sin, murder na offence huenda na “commit”. Meeting, election na press conference huenda na “hold”. Question ni “ask”, hata kama kichwa kinataka “make a question”. Survey na experiment ni “conduct” au “carry out” kwenye maandishi rasmi, na “do” kwenye mazungumzo. Exam inafanywa na mtahiniwa kwa “take”, au “sit” huko Uingereza, na inatungwa na mwalimu kwa “set”. Tahadhari moja kwenye kundi la “commit”: kwa muda mrefu suicide ilikuwa humo, lakini miongozo mingi ya uandishi wa habari siku hizi inashauri “died by suicide”, kwa sababu “commit” inakiweka kifo hicho kwenye rafu moja na uhalifu.

Sababu ya tatu: tiba iliyozidi kipimo. Umesahihishwa “do a mistake” mara kadhaa, ukaapa kutotumia “do” tena. Matokeo yake ni “make homework”, “make sport”, “make business”. Ukiona “make” zimejaa kwenye aya kuliko kawaida, kagua kila moja kwa nomino yake.

## Dalili ya 2: Mtu anapigwa, kitu kinaliwa, na hakuna aliyekusudia

Hapa mwandishi ameinua kitenzi cha Kiswahili na kukitua kilivyo. Mara nyingi ni “piga”, ambacho katika Kiswahili ni kitenzi chepesi kuliko vyote, kinakubali karibu kila nomino inayosimama mbele yake.

Usitafute tafsiri ya “piga”. Tafuta tafsiri ya fungu zima, na utagundua mafungu ya “piga” yanagawanyika katika makapu matatu. Kapu la kwanza lina kitenzi chepesi kingine upande wa pili: kupiga picha ni “take a photo”, kupiga simu ni “make a call”, kupiga kelele ni “make a noise”, kupiga soga ni “have a chat”. Kapu la pili, na ndilo kubwa, Kiingereza kimeitupa nomino na kubaki na kitenzi kimoja kilichokamilika: kupiga kura ni “vote”, kupiga magoti “kneel”, kupiga chafya “sneeze”, kupiga miayo “yawn”, kupiga hodi “knock”, kupiga mbizi “dive”, kupiga deki “mop”, kupiga marufuku “ban”. Anayeandika “do a vote” hana nomino mbaya. Ameng'ang'ania kuweka maneno mawili mahali panapotaka moja. Kapu la tatu linabadilika kwa maana: kupiga hatua kwa miguu ni “take a step”, na kupiga hatua kimaendeleo ni “make progress”. Kupiga mswaki nako kunabadili hata nomino, kwa kuwa Kiingereza hutaja meno, “brush your teeth”, na mswaki haumo kabisa.

Vitenzi vingine vya kundi hili:

- Kula na kunywa. Dawa, hata ikiwa ya maji, ni “take medicine”. Kula kiapo ni “take an oath”, kula rushwa ni “take bribes”. Mara tatu mfululizo “kula” au “kunywa” imegeuka “take”, lakini usiifanye kanuni: kula hasara ni “make a loss”, na kula njama ni “plot” peke yake.
- Kufunga. Kufunga bao ni “score a goal”, kufunga ndoa ni “get married”, kufunga mkutano ni “close a meeting”.
- Kuweka. Kuweka rekodi ni “set a record”, kuweka miadi ni “make an appointment”, kuweka akiba ni “save money”.
- Kusema. Ukweli na uongo ni “tell”: “tell the truth”, “tell a lie”. Sala ni “say a prayer”.
- Kupoteza. Muda unaopotea bure ni “waste time”. Ukiandika kwamba saa ya ukutani “loses time”, umesema inachelewa.

Kuna mafungu yanayolingana neno kwa neno, nayo yanaponza kwa sababu yanakupa imani. Kuvunja sheria, ahadi na rekodi ni “break the law”, “break a promise”, “break a record”. Kushika moto ni “catch fire”. Kuchukua hatua ni “take steps”. Kisha inakuja kuvunja moyo, unaandika “break his heart”, na umeingia kwenye dalili ya 5.

## Dalili ya 3: “Give” imetapakaa kila mahali

Chanzo ni kutoa. Kwa Kiswahili tunatoa mfano, ushauri, ahadi, malalamiko, hotuba, hukumu na hata machozi. Kiingereza kinaigawa mizigo hiyo.

Jiulize kama kuna mtu anayepokea kitu ambacho anaweza kuondoka nacho akakitumia. Mfano, ushauri, sababu, ruhusa, amri, taarifa: hivi ni vya “give”. Kama jambo lenyewe linakamilika kwa kutamkwa tu, elekea kwenye “make”: a promise, a complaint, a suggestion, an offer, a comment, an excuse, a statement, a contribution. Hotuba inakubali vyote viwili, “give a speech” na “make a speech”. Hukumu ya hakimu ni “pass”, machozi ni “shed”.

Ukishabadilisha kitenzi, kagua na muundo wa sentensi, maana mara nyingi unabaki umepinda. “Give” hubeba mtu na kitu kwa mpigo: “give me an example”. “Make” haina uhuru huo kwa nomino zote. “Make me an offer” na “make me a promise” zinapita. Complaint, suggestion na comment zinakataa, na mpokeaji lazima aje baadaye na “to”: “make a complaint to the manager”. Wanaojikwaa hapa ndio haohao wanaoandika “suggest me a topic” na “explain me the problem”. Ugonjwa ni mmoja: kiambishi cha mtendewa katika “nipendekezee” na “nielezee” kinatafuta pa kukaa.

## Dalili ya 4: “I got an accident”

Kupata. Kwa Kiswahili ajali hupatwa, mtoto hupatikana, homa hupatwa na shida hupatwa. Kwa Kiingereza mambo yanayomfika mtu huenda na “have”: an accident, a baby, a problem, a dream, a fever, a headache, breakfast. “Get” inabaki kwa kile ulichokuwa huna ukakipokea au kukifikia: a job, a letter, permission, a chance. Faida na hasara ya biashara ni “make a profit” na “make a loss”. Uzoefu na uzito ni “gain”. Mafua ni “catch a cold”.

Operesheni inastahili kutajwa peke yake. Mgonjwa “has an operation”. Daktari “performs” au “carries out an operation”. Mgonjwa akiandika “I did an operation last month”, amejivika koti la daktari wa upasuaji.

Ukitaka kujua kama “have” uliyonayo ni ya umiliki au ya tukio, ijaribu na -ing. “I'm having lunch” inapita kwa sababu chakula cha mchana ni tukio. “I'm having a car” haipiti, kwa sababu gari ni mali.

## Dalili ya 5: Sentensi ni sahihi kabisa, ila inasema jambo jingine

Hii ndiyo ya kuogopa. Dalili nyingine huacha alama: programu ya kusahihisha inapiga mstari, mwenzako anacheka. Hapa hakuna anayekusahihisha kwa sababu hakuna kosa la kuonekana. Msomaji anaamini ulichoandika.

Time: “have time” ni kuwa na muda, “take time” ni kuchukua muda, “make time” ni kujitengea muda kwa makusudi, na “do time” ni kutumikia kifungo gerezani. Anayetaka kumwambia bosi kwamba atatenga muda kwa mradi, akaandika “I will do time for this project”, ameahidi kufungwa kwa ajili yake.

Chance: “have a chance” ni kuwa na nafasi, “get a chance” ni kuipata, “take a chance” ni kubahatisha kwa hatari. “He took a chance on the exam” haisemi kwamba alitumia nafasi yake vizuri. Kutumia nafasi ni “take the opportunity”. Nomino zinakaribiana maana, kitenzi ni kilekile, na bado jozi hizo zinatoa habari mbili tofauti.

Words: “have a word with him” ni kumvuta pembeni mzungumze kidogo, “have words with him” ni kugombana naye. Herufi moja ya wingi imeanzisha ugomvi.

Bed: “make the bed” au “make your bed” ni kutandika. “Make a bed” yaweza kuwa kazi ya fundi seremala. Huko tofauti imebebwa na “the” na “a”, vineno ambavyo mwandishi mwenye Kiswahili kichwani huviona kama mapambo.

Heart: kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa, “discourage”. “Break someone's heart” ni kumtia mtu majonzi mazito, mara nyingi ya mapenzi. Barua ya kazi yenye sentensi “the delay broke my heart” itasomwa kwa mshangao.

Fun: “have fun” ni kufurahi, “make fun of someone” ni kumdhihaki. Place: “take place” ni kutokea au kufanyika, “take someone's place” ni kushika nafasi yake. Notice: “take notice” ni kutilia maanani, “give notice” ni kutoa taarifa rasmi, kwa kawaida ya kuacha kazi au kuhama nyumba.

Sababu ya kawaida ni kujifunza kitenzi na nomino mbalimbali halafu kuviunganisha siku ya kuandika. Sababu ya pili ni kudondosha au kuongeza “a”, “the” au -s. Tiba ni moja: tafuta fungu zima, likiwa na “a” yake na wingi wake, kama neno moja. Ukiona kamusi imelipa maelezo yake ya pekee mahali pa kuliacha kwenye orodha ya mifano, jua limeshakuwa na maana yake lenyewe, na usilikisie.

## Dalili ya 6: Kitenzi kimekubali, kilichobaki kinapwaya

Anza na idadi. Advice, homework, research, progress, damage, information hazihesabiki, hivyo “an advice”, “homeworks” na “a research” zote ni makosa hata kitenzi kikiwa sahihi. Ukihitaji kuhesabu, tumia “a piece of advice”.

Kisha geuza upande. “Have look” na “take shower” zimekosa “a” na haziwezi kusimama bila hiyo. Kundi la tatu halitaki “a” wala “the”: take part, take place, take care, pay attention, make sense. “Make friends” hudai wingi hata kama umepata rafiki mmoja tu.

Kihusishi kinachofuata ndicho cha mwisho kukaguliwa na cha kwanza kusahaulika. Pay attention to, take care of, take part in, take advantage of, have an effect on, do research on au into. Baada ya “have trouble” na “have difficulty” weka -ing: “I had trouble finding the office”, si “to find”.

Liko na suala la vielezi. Mswahili huamua haraka, na kielezi hukaa baada ya kitenzi, ndipo inapotoka “make quickly a decision”. Katika jozi hizi sifa huhamia kwenye nomino na kuwa kivumishi: “make a quick decision”, “take a careful look”. Hiyo ndiyo faida kubwa ya vitenzi vyepesi, na ndiyo sababu Kiingereza kinavitumia hata pale kitenzi kimoja kingetosha.

## Dalili ya 7: Kwenye karatasi sawa, mdomoni vurugu

“Did you made”, “I have took”, “she has gave”. Vitenzi hivi vyote vinageuka bila kufuata kanuni: make, made, made, do, did, done, take, took, taken, give, gave, given, have, had, had, get, got, got, na Wamarekani husema “gotten” mahali pa mwisho. Tamka fungu zima kwa sauti katika nyakati tatu, “make a mistake, made a mistake, have made a mistake”, hadi ulimi uzoee. Na usifute neno kwa sababu tu limejirudia: “I've had breakfast” na “What did you do?” ziko sawa kabisa.

## Pale vitabu viwili vinapopingana

Hii si hitilafu. Waingereza “have a shower”, Wamarekani “take a shower”. Vivyo hivyo kwa bath na look. “Make a decision” inakubalika kote, na “take a decision” utaikuta zaidi Uingereza, hasa kwenye lugha ya taasisi. “Take breakfast” itaeleweka, lakini ina harufu ya zamani. Siku hizi ni “have”. Chagua upande mmoja, uushike hadi mwisho wa waraka.

## Pale pa kuacha na kumwita mtaalamu

Acha kujirekebishia mwenyewe katika hali tatu.

Hati za kisheria. Huko kitenzi ndicho kinachotaja nani amefanya nini. Shahidi “gives evidence”, mahakama “takes evidence”. Wewe “make a statement”, polisi “take a statement”. Hakimu “passes a sentence”, mfungwa “serves a sentence”. “Make a will” ni kuandika wosia, lakini ukikuta “execute a will” usidhani ni kutekeleza tu, kwa kuwa kwa wanasheria ni kuutia sahihi kwa taratibu zake zote. Mkataba, kiapo, wosia, taarifa ya kusitisha upangaji au ajira: mpe mwanasheria au mfasiri aliyeidhinishwa kabla ya kutia sahihi.

Maelekezo ya dawa. “Take” inaipeleka dawa tumboni, “apply” inaipaka juu ya ngozi, na “give” humwelekeza anayemhudumia mgonjwa. Kubadilisha kimoja kwa kingine kwa kuwa kinasikika vizuri kunaweza kumnywesha mtu dawa ya kupaka. Mfamasia au mtafsiri wa masuala ya tiba apitie kila mstari.

Umerekebisha mara tatu na bado unarudishiwa. Hapo huenda tatizo si jozi hiyo. Nomino yenyewe inaweza kuwa imekosewa, au sentensi nzima inahitaji kuandikwa upya bila jozi. Mpelekee mhariri vitu viwili pamoja: sentensi ya Kiingereza, nomino ikiwa imepigiwa mstari, na kando yake sentensi ya Kiswahili uliyokusudia. Akiwa na ya Kiingereza peke yake atasahihisha ulichoandika, na huenda sicho ulichotaka kusema.